Ahadi ya Juu ya Mlima

Dominika ya Kwanza ya Kwaresima, Mwaka A
Masomo: Mwa 2:7-9; 3:1-7. Rum 5:12-19. Mt 4:1-11



Jumatano iliyopita tulipakwa majivu na kukumbushwa kwamba sisi ni mavumbi. Leo Mama Kanisa anatuongoza jangwani pamoja na Bwana wetu, ambaye amefunga siku arobaini na sasa ana njaa. Mjaribu anamjia mara tatu. Mara ya kwanza anasema na tumbo lake: mawe na yageuke mikate. Mara ya pili anamshauri ajitupe kutoka juu ya hekalu, ili malaika wamdake. Mara ya tatu, na hapo ndipo tunapotaka kutua leo, anampandisha juu ya mlima mrefu na kumwonyesha falme zote za dunia pamoja na uzuri wake. Anamwahidi kwamba vyote hivyo vitakuwa vyake. Ndipo mwisho kabisa, kama mchuuzi mjanja, anataja bei: Yesu apige magoti na kumwabudu yeye.

Tuangalie kwa makini jinsi Ibilisi anavyofanya kazi yake. Hamwagizi Yesu aibe, wala hamwagizi aue. Anamwonyesha tu. Mwinjili Luka, anaposimulia habari hiyo hiyo, anaongeza kwamba falme zote zilionekana kwa muda wa kufumba na kufumbua. Katika somo la kwanza pia tumesikia kwamba mwanamke aliutazama mti, akaona matunda yake yanapendeza, ndipo mkono ukanyooka. Dhambi nyingi huanzia machoni, hushuka moyoni, na mwisho hufika mikononi. Twaweza kusema kwamba juu ya mlima ule yalifanyika maonyesho ya kwanza ya sinema: picha nzuri, zinazopita upesi, na bei inayotajwa baadaye.

Ndugu wapendwa, sisi tunaoishi pwani hii ya kusini, tangu Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko hadi Mchinga na Lindi mjini, tunaijua nguvu ya picha. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994. Kabla ya hapo, na kwa miaka mingi baadaye, vijana wetu waliiona dunia katika mabanda ya video: paa la makuti au mabati, mabenchi ya mbao, jenereta ikinguruma nje, na mikanda iliyotoka ng'ambo. Kwa kuwa wengi hawakuelewa lugha ya wachezaji, walitokea wafasiri waliosimulia filamu kwa Kiswahili. Mashuhuri miongoni mwao ni yule aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Siku hizi banda limehamia kiganjani. Kijana aliyeketi chini ya mwembe na simu yake anaweza kuona peke yake, usiku kucha, yale ambayo zamani kijiji kizima kilikusanyika kuyatazama.

Miongoni mwa filamu hizo zimo zile za magenge ya Marekani. Mvuvi wa Kilwa akisikia neno Mafia, anakumbuka kisiwa cha jirani zetu upande wa kaskazini, kisiwa cha minazi na samaki. Kijana aliyelelewa na skrini akisikia neno hilo hilo, anaona kundi la wahalifu lililoanzia Sisilia: wanaume waliovaa suti nzuri, wakigawana mji kama watu wagawanavyo mkate. Majina hayo mawili yamefanana kwa bahati tu. Hata hivyo yafaa tujiulize: linapotajwa, ni picha ipi inayomjia mtoto wetu kwanza?

Filamu hizo zina historia inayotufundisha. Kuanzia mwaka 1920 hadi 1933 serikali ya Marekani ilipiga marufuku utengenezaji na uuzaji wa pombe. Magenge yakajitajirisha kwa biashara ya siri, na jina la Al Capone wa mji wa Chicago likavuma. Mwaka 1929 uchumi wa nchi ukaanguka, na mamilioni ya watu wakakosa kazi. Katika dhiki hiyo, mwaka 1931, mwanahistoria James Truslow Adams alichapisha kitabu kilichoeneza msemo wa ndoto ya Marekani, yaani tumaini kwamba kila mtu, awe amezaliwa katika hali yoyote, aweza kuishi maisha bora na kamili zaidi kwa uwezo wake na juhudi yake. Mwandishi huyo aliangalia sana kueleza kwamba ndoto aliyokusudia haikuwa ya magari na mishahara mikubwa tu.

Lakini mwaka huo huo wa 1931 zilitoka filamu mbili, Little Caesar na The Public Enemy, na mwaka 1932 ikafuata Scarface. Zote zilisimulia habari moja: kijana maskini, mtoto wa mitaa ya wanyonge, anayeamua kwamba njia ya jasho ni ndefu mno, akashika bastola. Anapata suti, gari, mapambo na watumishi. Katika Scarface kijana huyo anachungulia dirishani na kuona tangazo la taa la kampuni ya usafiri, lenye maneno yanayosema kwamba ulimwengu ni wake. Tangazo lile lilikusudiwa kuwauzia watu tiketi za safari. Yeye akalipokea kama ahadi ya maisha. Ndugu wapendwa, je, hatujaisikia ahadi hiyo katika Injili ya leo? Mlima umekuwa dirisha la ghorofani, na sauti ya mjaribu imekuwa taa za umeme. Ahadi haijabadilika hata kidogo.

Kanisa halikukaa kimya mbele ya mambo hayo. Mwaka 1930 padre Mjesuiti Daniel Lord, pamoja na mlei Martin Quigley, walitunga mwongozo wa maadili kwa watengenezaji wa filamu, ili uhalifu usionyeshwe kwa namna ya kumfanya mtazamaji aupende. Mwaka 1936 Baba Mtakatifu Pius XI alitoa barua yake Vigilanti Cura juu ya sinema. Hakuilaani sanaa hiyo. Aliitambua nguvu yake kubwa juu ya mioyo, kwa wema na kwa ubaya, akawataka wachungaji na waamini wakeshe. Nasi leo hatuji kuwaambia vijana wetu wafumbe macho. Tunakuja kuwaomba wayafumbue zaidi.

Kwanza, tuseme wazi kwamba kutamani maisha bora si dhambi. Neno machinga, ambalo leo nchi nzima hulitumia kwa mchuuzi wa barabarani, limetokana na Wamachinga, watu wa pwani yetu ya Lindi. Vijana wa kusini walikwenda Dar es Salaam kutafuta riziki wakati ambapo safari yenyewe ilikuwa mtihani. Kabla ya kufunguliwa kwa Daraja la Mkapa mwaka 2003, magari yalivushwa mto Rufiji kwa kivuko, na masika yalipochachamaa watu walilala njiani. Waliofika mjini walibeba nguo mabegani na bidhaa mikononi, wakitembea juani kutwa. Mwaka 1983 ilifanyika kampeni ya Nguvu Kazi, na watu wengi waliohesabiwa kuwa hawana kazi mijini wakakamatwa na kurudishwa mashambani. Wengine wakatembea tena, wakaanza upya. Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Mtu wa namna hiyo hana haja ya kuonewa haya. Yesu mwenyewe alikuwa fundi seremala wa Nazareti, na mikono yake ilijua sugu.

Basi uongo uko wapi? Mjaribu aweza kusema maneno mengi ya kweli. Falme zipo, na uzuri wake upo. Uongo uko katika mambo mawili: anadai kwamba vitu hivyo ndivyo vitakavyomfanya mtu awe mtu, na anaificha bei mpaka mwisho. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba thamani ya mtu iko zaidi katika alivyo kuliko katika alivyo navyo. Katika filamu za magenge, kijana haibi kwa sababu ya njaa tu. Anaiba kwa sababu amedharauliwa, naye anaamini kwamba atakapokuwa na gari watu watamheshimu. Hapo ndipo penye kidonda. Kijana wa Kilwa aliyerudi kutoka mjini mikono mitupu anakijua kidonda hicho, kwani alisalimiwa kwa jicho la chini, na mwenzake aliyerudi na gari alipokewa kwa vigelegele.

Bei nayo iko mwishoni. Watengenezaji wa filamu zile za kwanza waliuonyesha mwisho bila kuficha. Shujaa wa Scarface anauawa barabarani, na tangazo lile la ulimwengu kuwa wake linaendelea kuwaka juu ya maiti yake. Katika The Public Enemy, mama mzazi amepata habari kwamba mwanawe anarudi nyumbani. Yuko juu chumbani, anatandika kitanda kwa furaha. Mlango unabishwa, ndugu yake anafungua, na kijana anaanguka ndani akiwa maiti iliyofungwa kama mzigo. Mama bado anatandika. Wazazi mnaotusikiliza, tunadhani hatuhitaji kulifafanua jambo hilo. Tatizo ni kwamba vijana wengi hukumbuka katikati ya filamu na kusahau mwisho wake. Wanakumbuka suti, na hawaukumbuki mlango. Wazee walisema kwa maneno machache: tamaa mbele, mauti nyuma.

Asiwepo mtu wa kusema kwamba hayo ni mambo ya Chicago. Mwezi Januari 2012 polisi walikamata hapa Lindi heroini yenye uzito wa zaidi ya kilo 200, iliyopitia bahari hii hii ambayo babu zetu waliivukia kwenda kuvua. Mtu mmoja aliyehusishwa na shehena hiyo alikamatwa mwaka 2014, na mwaka 2017 akapelekwa Marekani kujibu mashtaka mbele ya mahakama za huko. Kuhukumu ni kazi ya mahakama. Sisi tunajua jambo moja: kila gramu ya unga huo ilikuwa na mlango wa nyumba fulani iliyokuwa ikiungoja. Yule teja anayeyumba kituo cha basi, mwenye umri wa miaka ishirini na sura ya mzee, ni mtoto wa mama aliyemtandikia kitanda. Utajiri wa mmoja ulilipwa kwa uhai wake.

Pwani yetu ina vielelezo vya kale pia. Anayevuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko hadi Kilwa Kisiwani huyaona magofu ya Husuni Kubwa juu ya genge la bahari. Sultani al-Hasan bin Sulaiman alilijenga jumba hilo mwanzoni mwa karne ya 14, Kilwa ilipotajirika kwa dhahabu ya Sofala. Lilikuwa na vyumba zaidi ya mia moja na bwawa la kuogea lenye pande nane. Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 alimsifu sultani huyo kwa ukarimu wake, nasi hatuna sababu ya kumnyima sifa hiyo mbele ya ndugu zetu Waislamu. Lakini jumba halikukamilika, likaachwa. Leo mijusi huota jua penye bwawa la mfalme. Kama fahari ya mtu mkarimu ilikwisha hivyo, fahari ya mnyang'anyi itadumu wapi?

Haki inatudai tuseme pia habari za watu wetu wenyewe. Mwaka 1505 Wareno wakiongozwa na Francisco d'Almeida waliingia Kilwa na kuupora mji. Walikuwa Wakristo, watu waliobatizwa kama sisi. Mwaka 1776, mwaka ule ule Wamarekani walipotangaza uhuru wao na haki ya kila mtu kutafuta furaha, Mfaransa Jean-Vincent Morice, naye mtu wa nchi ya Kikristo, alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka. Karne iliyofuata Kilwa Kivinje ikawa miongoni mwa bandari kubwa kabisa za biashara hiyo ya aibu. Hivyo ndivyo ilivyo, ndugu: ndoto ya mtu mmoja ikikosa Mungu, hugeuka kuwa mnyororo shingoni mwa mwingine. Na maji ya ubatizo yaliyokauka mwilini hayakumzuia mtu asishike mnyororo huo.

Jambo hili la ubatizo latuleta kwenye filamu nyingine mashuhuri, The Godfather, ya mwaka 1972. Wengi wanalijua jina hilo bila kufikiri maana yake. Maana yake ni baba wa ubatizo, yule msimamizi tunayemsimamisha karibu na kisima cha maji. Karibu na mwisho wa filamu, kijana aliyerithi genge la baba yake anasimama kanisani kumsimamia mtoto mchanga. Padre anamuuliza kama anamkataa Shetani, naye anajibu kwamba anamkataa. Wakati huo huo, mmoja baada ya mwingine, maadui zake wanauawa mjini kwa amri yake. Kinywa kinaikiri imani, na mikono iko mbali ikimwaga damu.

Ndugu wapendwa, Kwaresima yote inatuelekeza kwenye Kesha la Pasaka, ambapo tutasimama na mishumaa mikononi na kuulizwa maswali yale yale: kama tunamkataa Shetani, kazi zake na fahari zake. Neno hilo fahari tusilipite haraka. Fahari za Shetani ndizo alizomwonyesha Yesu juu ya mlima. Tutajibu nini, ikiwa mwaka mzima tumezipigia makofi?

Tunasema makofi kwa kusudi. Filamu peke yake haimfanyi mtu kuwa jambazi. Jambazi hulelewa na makofi. Kijana anarudi kijijini na gari, hakuna anayejua kazi yake, na hakuna anayeuliza. Anapewa kiti cha mbele katika harusi. Akitoa mchango mkubwa wa ujenzi wa kigango, jina lake husomwa kwanza, na mjane aliyetoa pishi ya mihogo husahauliwa. Wadogo zake wako pembeni wanaangalia. Hiyo ndiyo sinema wanayoitazama kwa makini kuliko zote, na wachezaji wake ni sisi.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu kwa siku hizi arobaini.

Kwenu wazazi: mwanao akileta fedha nyumbani, muulize zilikotoka kabla hujamuuliza ni kiasi gani. Umuulize kwa upole, kama mama anayependa. Naye akirudi mikono mitupu, mpokee kwa uji wa moto na neno jema, ili asije akaamini kwamba mlango wa nyumbani hufunguliwa kwa fedha tu. Kijana anayejua kwamba anapendwa bila gari hatauza roho yake kwa ajili ya gari.

Kwenu vijana: tazameni filamu mpaka mwisho, kisha ulizeni ni nani aliyelipa. Nani alikufa ili huyu avae suti hii? Mama yake yuko wapi? Mtu anayekuahidi mali bila jasho, awe mjini au katika simu yako, msubiri ataje bei. Ikiwa bei ni kufanya jambo ambalo huwezi kulisimulia mezani mbele ya mama yako, basi umeshaufika mlima ule, na yule anayesema nawe unamjua jina lake.

Kwenu makatekista na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo: msiwafukuze vijana kwa sababu ya filamu wanazozipenda. Kaeni nao. Waacheni wasimulie kisa chote, kisha msome pamoja Injili ya leo na kuwauliza wanaona nini kinachofanana. Mtashangaa jinsi watakavyolielewa neno la Mungu. Na katika orodha za michango, heshimuni jasho kuliko kiasi. Mchuuzi anayetoa shilingi mia tano za halali na ajue kwamba Kanisa linaujua uzito wake.

Tumalizie kwa kurudi kwa Bwana wetu. Alimjibu mjaribu kwa Maandiko, kwamba Mungu peke yake ndiye wa kuabudiwa, na Ibilisi akaenda zake. Yesu akashuka mlimani maskini kama alivyopanda. Lakini Mathayo hakuiishia habari hiyo hapo. Katika sura ya mwisho ya Injili yake tunamkuta Yesu tena juu ya mlima, huko Galilaya, mikono yake ikiwa na alama za misumari. Anawaambia wanafunzi kwamba amepewa mamlaka yote mbinguni na duniani. Alichokikataa kutoka kwa mwongo, alikipokea kutoka kwa Baba. Kati ya mlima ule na mlima huu kulikuwa na njia moja tu, nayo ilipitia Kalvario: utii, jasho, na kutoa uhai wake mwenyewe badala ya kuchukua uhai wa wengine. Mtume Paulo ametuambia hivyo hivyo katika somo la pili: kwa kutokutii kwa mmoja wengi walipotea, na kwa utii wa mmoja wengi wanahesabiwa haki.

Tumwombe Mungu awabariki vijana wetu walioko safarini usiku huu, wenye mizigo mabegani na ndoto mioyoni. Awape riziki ya halali, awaepushe na wenye kuwawinda, na awarudishe salama kwenye milango ambayo mama zao wanaiangalia. Nasi atupe moyo wa kuwapokea kama yeye anavyotupokea, kwa ajili ya jinsi tulivyo na si kwa ajili ya tulicho nacho.

Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.